Mita sita zilizopotea mlimani Chimala

Mtatuwia radhi kwa kimya cha mwezi mzima. Hatukuumwa wala hatukugombana, kama alivyouliza shoga yetu mmoja wa Mwanakwerekwe. Tulikuwa Chimala.

Tunajua wengi mtauliza ni wapi huko, maana hata sisi tuliuliza. Ukipanda basi Dar es Salaam alfajiri, ukapita Morogoro na Mikumi, ukapandishwa Kitonga kuingia Iringa, kisha Mafinga, Makambako na Igawa, utashushwa Chimala miguu imevimba na jua linakuchwa, Mbeya mjini bado hujafika. Mkono wako wa kulia ni bonde la Usangu, tambarare ya mpunga hadi macho yachoke, na reli ya TAZARA inapita humo humo. Mkono wa kushoto ni mlima umesimama kama ukuta. Kuna barabara inayoupanda mlima huo kwenda Matamba na Kitulo, ina kona 57. Tulizihesabu siku tuliyopelekwa kutazama maua ya Kitulo, lakini mdogo wetu aliacha kuhesabu kwenye kona ya ishirini na kitu akafumba macho.

Huko ndiko alikoolewa mama mdogo wetu, mzaliwa wa Wete. Mumewe alikuwa akileta mchele Unguja, wakajuana, akamchukua. Wamekaa miaka thelathini. Mwaka huu Mwenyezi Mungu akamchukua mume. Mama mdogo akabaki eda, na watoto watatu wakubwa: kaka mmoja na wadogo zake wawili wa kike. Sisi tulikwenda kukaa naye, kumpikia na kumsikiliza. Mkubwa wetu anachora ramani za nyumba kwa kompyuta, mdogo ni fundi wa cherehani, na hatukutegemea kwamba kazi zetu hizo mbili zingehitajika kwenye msiba.

Zilihitajika kwa sababu ya shamba. Marehemu aliacha ardhi moja ndefu, upana wake mita 140. Chini kabisa, upande wa bonde, ni majaruba ya mpunga. Katikati ni pakavu, ndipo ilipo nyumba. Juu ni mlimani, panalimwa mahindi na pana miti michache ya matunda. Sheikh wa pale alikwishapiga hesabu kabla hatujafika, na hesabu ya mirathi kwa familia kama hiyo haina ubishi: mama thumuni, kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili kwa kila moja la wa kike. Ukitafuta namba inayogawanyika vizuri unapata mafungu 32. Mama 4, kaka 14, kila binti 7. Na shamba, walivyolipima wenyewe kwa tepu, lilikuwa mita za mraba 32,000, karibu ekari nane. Kwa hiyo kila fungu mita 1,000. Watu walifurahi, walisema marehemu alilinunua kwa hesabu.

Mabinti wenyewe ndio waliochagua mlimani. Jaruba linataka mwanamume wa kulala shambani na kugombea maji usiku, walisema, na wao wana waume na biashara zao mjini Mbeya. Kuwa ardhi ya mpunga ina thamani zaidi ya ardhi ya mlimani, hilo nalo wazee walilimaliza: mabinti waliongezewa ng'ombe wa kulimia. Tunalisema mapema ili asije mtu akatuuliza. Vipande vyao vilikuwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja upana mita 70, urefu mita 100 kupanda mlima. Sabini mara mia ni 7,000. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne.

Basi akaitwa kijana mpimaji, akachukua nukta za vigingi vyote kwa kifaa cha setilaiti, akachora ramani katika AutoCAD, akaituma kwa WhatsApp. Ilitufikia tungali Unguja. Familia ilitaka kuitumia kuombea hati za haki miliki za kimila, zile zinazotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kila mtu na yake. Mama mdogo akatupigia simu: "Hebu itazameni, nyinyi ndio wasomi." Tukaifungua, tukaitazama dakika tano, tukaona mistari imenyooka, pembe zimekutana, rangi nzuri. Tukamwambia iko sawa, mama. Hapo ndipo tulipokosea, na hatuna wa kumsingizia.

Tulipofika Chimala tukaambiwa tumalizie kazi ndogo tu. Kila mrithi awe na karatasi yake, kipande chake kipakwe rangi, na eneo liandikwe katikati. Ilikuwa usiku, baridi ile ya Juni ambayo mtu wa pwani huidhani homa, tumejifunika makanga mawili mawili, chai ya tangawizi mezani. Mkubwa akabonyeza ndani ya kipande cha binti wa kwanza ili kukipaka rangi. Programu ikakataa, ikasema mpaka haujafungwa. Akavuta karibu pembe moja moja: zote zimekutana. Akajaribu kuunganisha mistari minne iwe umbo moja. Ikakataa. Akajaribu kupima ukingo wa chini, ule wa mita 70. Jibu likaja mita 1,102.

Mdogo alicheka mpaka chai ikamwagika. Kilomita nzima na ushee, kwenye shamba ambalo mbuzi akilia mwisho huu unamsikia mwisho ule!

Ikabidi tufanye jambo ambalo mkubwa wetu katika miaka yake yote ya kuchora nyumba Unguja hakuwahi kulihitaji. Tuliuinamisha mchoro, tukautazama kutoka ubavuni badala ya kutoka juu. Ndipo tulipoona. Ile ramani nzuri ilikuwa imechanika kama jarife bovu. Mistari mingine ilikuwa chini kabisa, mingine iko juu angani, na mingine imesimama wima ikiunganisha ya chini na ya juu kama kamba ya kisima. Kutoka juu vyote vinalaliana, unaona pembe zimekutana. Kumbe zimepishana zaidi ya mita elfu.

Tueleze kwa wasiochora. Kila nukta kwenye programu kama hii ina namba tatu. X na Y zinakwambia iko wapi chini, kama vile kusema mashariki kiasi gani na kaskazini kiasi gani. Ya tatu ni Z, kimo. Sisi watu wa visiwani Z hatuna habari nayo. Unguja mahali pa juu kabisa ni Masingini na hapafiki hata mita 150, na kiwanja cha nyumba ya Mombasa au Bububu unakichora chote kwa Z sifuri na hakuna atakayekudai. Chimala iko mita elfu na zaidi juu ya bahari. Kile kifaa cha setilaiti kilichukua nukta pamoja na vimo vyake. Lakini mistari mingine kijana aliichora juu ya picha ya zamani ya shamba, ikakaa kwenye sifuri. Na palipokuwa na pembe, kipanya kilinasa mara nukta ya juu, mara ya chini. Kwa hiyo ule ukingo wa mita 70 ulianza kwenye usawa wa bahari ukaishia Chimala. Mguu mmoja Forodhani, mguu mmoja Mbeya. Mita 1,102 ni haki yake.

Kuna masharti mengi ambayo programu haiyavunji. Haipaki rangi eneo ambalo mipaka yake haimo kwenye bapa moja. Haiungi mistari isiyogusana kwelikweli. Mara nyingi haikuambii kwa nini, inakataa tu, nawe unabaki kujilaumu. Mdogo wetu, ambaye hajawahi kushika programu hiyo, ndiye aliyepata maneno ya kuieleza. Alisema ni kitambaa kilichokunjamana juu ya meza. Ukikitazama kwa juu kimekaa mraba, lakini huwezi kutia mkasi mpaka ukilaze.

Kukilaza kwenyewe ni kazi ndogo, na hili tunaliandika kwa ajili ya mabinti wanaosoma ufundi ambao hutuandikia. Kwanza hifadhi nakala ya faili kama ilivyo, msifanye kama sisi, tutasema mbele. Kisha chagua mistari, fungua dirisha la sifa zake, utaona Z ya mwanzo na Z ya mwisho. Kama ni michache, andika sifuri kote. Kama ni mingi, AutoCAD kamili ina amri ya FLATTEN inayoilaza yote kwa pamoja. Asiye na amri hiyo anaweza kutumia ujanja wa wazee wa kazi: unaihamisha mistari yote juu kwa MOVE kiasi cha 1e99, namba yenye sifuri tisini na tisa, halafu unairudisha chini kiasi kilekile. Namba ni kubwa mno hata vile vimo vyenu vya mita elfu vinamezwa kama chumvi baharini, na mistari ikirudi inarudi yote kwenye sifuri. Na ili yasikupate tena, weka OSNAPZ iwe 1, basi hata kipanya kikinasa nukta iliyo juu, mstari unabaki chini unakochora.

Tukaandika FLATTEN. Mistari ikalala. Rangi ikaingia, kijani kwa binti mkubwa, zambarau kwa mdogo. Tukapongezana. Mkubwa akaomba eneo la kipande cha kijani, aliandike katikati.

Mita za mraba 6,578.

Tulidhani tumeharibu. Tukapima kingo. Wa chini mita 70, sawa. Wa juu 70, sawa. Ukingo wa ubavuni, ule wa kupanda mlima, ambao kaka na shemeji zake walivuta tepu ya mita 50 mara mbili kamili wakasema mia: mita 93.97. Cha zambarau vilevile. Majaruba ya kaka na uwanja wa mama havikupungua hata kidole.

Na hapo tukagundua kosa la pili, kwamba kwa furaha tulihifadhi faili lililolazwa juu ya lile la awali. Vimo vyote vimekwenda. Ikabidi tumpigie yule kijana saa nne usiku kumwomba atume tena, na hakutukana, Mungu ambariki. Lilipofika tukatazama vigingi vya ubavuni peke yake: cha juu kilikuwa mita 34.2 zaidi ya cha chini. Mlima pale umelala nyuzi 20 hivi. Umbali wa kutembea mita mia. Umbali wa ramani tisini na nne kasoro kidogo.

Hapakuwa na aliyeiba. Tepu ilikuwa nzima na waliovuta walikuwa waaminifu. Ila chini walivuta tepu ikalala juu ya ardhi tambarare, na mlimani wakavuta ikalala juu ya mteremko, kisha wakazijumlisha namba hizo kana kwamba ni za aina moja.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tulikaa kimya hadi baada ya Alfajiri. Mtu aliyefiwa hutaki kumwongezea neno. Tena tulijua litakavyoonekana: wamekuja watu wa upande wa mama, kutoka pwani, na kompyuta yao, na matokeo ya kompyuta yao ni kwamba ardhi ya mtoto wa kiume ipunguzwe waongezewe wa kike. Mdogo alisema tunyamaze, ni kitu kidogo. Mkubwa akapiga hesabu ya hicho kitu kidogo.

Kama shamba lote lingepimwa kwa bapa moja, lisingekuwa 32,000. Lingekuwa 31,156. Fungu moja lisingekuwa 1,000, lingekuwa 973 na kitu. Kila binti haki yake ni 6,815, naye amepewa 6,578. Amepungukiwa mita 237. Unguja siku hizi watu wanauziana viwanja vya mita 15 kwa 16, na hizo ni mita 240. Mdogo akasema haya, tuseme.

Tulimwambia kaka kwanza, peke yake, barazani. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Dada zangu, mmekuja kuhani au mmekuja kugawa?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea, wala hakupandisha sauti: "Kamba ilikuwa moja. Mimi nimepimwa nayo, na wao wamepimwa nayo. Nimeivuta mwenyewe, nilitoka jasho. Mita mia. Sasa kompyuta yenu imekula mita sita, halafu mnataka mimi nizilipe."

Na kwa kweli mtu akikwambia hivyo si mbishi. Miguu yake ilitembea mita mia. Tulijaribu kumweleza kwa kanga: tukaitandika juu ya ngazi za baraza, tukamwambia aitazame kutoka juu, anaona imefupika. Akasema kanga haikufupika, ni macho. Tukamwambia ramani ndiyo macho. Akatikisa kichwa.

Aliyetusaidia ni fundi mwashi wa jirani, mzee wa Kisangu aliyekuwa amekuja kutoa pole akakuta mabishano. Alitusalimia "kamwene", akauliza tunabishania nini, akasikiliza, akaenda kwake akarudi na pimamaji, timazi na tepu. Akasema mlima hupimwa kwa ngazi. Twendeni.

Tulianza kigingi cha juu. Mmoja anashika mwanzo wa tepu chini kabisa kwenye udongo. Mwingine anateremka mita nne, anainua tepu mpaka pimamaji lionyeshe imelala sawa, na kwa mtu aliye chini hiyo inafika kifuani. Kutoka hapo anashusha timazi, panapogusa panachomekwa kijiti. Kijiti hicho ndicho mwanzo wa ngazi inayofuata. Kaka ndiye aliyekuwa upande wa chini, yeye ndiye aliyeshusha timazi kila mara, hakumpa mtu. Sisi tulihesabu. Mama mdogo alikuwa dirishani hatoki, lakini macho yake yalikuwa mlimani nasi.

Ngazi 23 za mita nne. Ya mwisho ikawa mita mbili na sentimita kumi. Jumla mita 94 na sentimita kumi.

Kaka akatazama juu alikotoka. Akasema turudie ubavu wa pili. Tukarudia. Ikatoka 93 na sentimita tisini.

Yule mzee hakusema maneno mengi. Alikaa juu ya jiwe akaanza kukunja tepu, akamuuliza kaka: "Mahindi yako hapa juu yanasimamaje, yanaelekea bonde au yanasimama wima?" Kaka akasema wima. "Na mvua?" Kaka akanyamaza. Ndivyo ilivyo. Mvua inayoangukia kipande cha mlimani ni ile ya upana wake wa ramani, mteremko haukuongezei tone. Nguzo za nyumba ukizijenga pale zitasimama wima, sakafu itabidi uikate ilale. Ndiyo maana wapimaji dunia nzima huandika eneo la ardhi kama linavyoonekana kutoka juu likiwa limelazwa. Hati ya kimila nayo ingeandikwa hivyo hivyo, kwa hiyo mabinti wangekuja kusoma 6,578 kwenye karatasi zao siku moja, na siku hiyo labda marehemu ameshasahaulika na hakuna tena wa kuelezana naye barazani.

Hili la mwisho tulimwambia sisi. Kama lilimgusa hatujui. Alichosema ni, "Basi panga upya hesabu, nione vigingi vinakwenda wapi."

Hesabu ni hii, kwa anayependa. Mabinti wote wawili wanadai mita za mraba 475 hivi. Upana wa shamba ni 140, kwa hiyo mpaka wao na mama unashuka mita 3 na sentimita 39. Mama naye hapotezi zote hizo, anapotezewa fungu lake tu, kwa hiyo mpaka wake na kaka unashuka mita 2 na sentimita 64. Kaka alipungukiwa na mita za mraba 369, mama 105 na nusu. Ukiwa na mpunga wako umeiva mbele yako, mita 2 na sentimita 64 kwa 140 unaziona kwa macho. Ni mstari mzima wa jaruba. Kaka alivuna mwaka huu mpaka mpaka wa zamani, wadogo zake walimwambia hivyo wenyewe, na mpya utaanza msimu ujao, na sehemu hiyo atahamia mama kupanda mboga.

Mabinti hawakusema kitu siku nzima. Walikuwa jikoni wanatengeneza wali na maharage, na wali wa Usangu ule, wapenzi, unanukia hadi barabarani. Yule mkubwa tu alimpelekea kaka yake chakula kabla ya watu wote, kwenye sahani ya marehemu. Mtoto wa kaka akashangaa.

Jioni kaka akaja kukaa karibu na kompyuta. Akauliza, lile faili lenye vimo tumelifuta? Tukamwambia hapana, safari hii yako mawili, moja limelazwa kwa ajili ya hati, moja lina milima yake. Akasema afunguliwe lenye milima. Jaruba lake la pili kutoka mfereji, alisema, kona moja haishiki maji miaka yote. Wanachavanga, wanasawazisha, maji yanaikimbia, mpunga pale unatoka mfupi. Tukatafuta nukta za jaruba hilo, kijana alikuwa amezichukua pembe zote nne. Pembe tatu zimepishana kwa sentimita moja au mbili. Ya nne iko juu kwa sentimita tisa.

"Tisa," akasema. Akaipima kwa vidole mezani. "Nilidhani udongo wake mbaya."

Kwa hiyo msiondoke hapa mkidhani Z ni adui. Kwa ardhi ya kugawana tuliitoa, kwa maji tulimrudishia.

Vigingi vilihamishwa siku ya Jumamosi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande mbili. Kaka alipiga nyundo. Pale kati ya uwanja wa mama na mlima pana mwembe mkubwa, marehemu aliupanda mwaka walioingia nyumba hiyo. Ulikuwa mita mbili ndani ya uwanja wa mama. Kigingi kipya kilipochomekwa, mwembe ukawa upande wa binti mdogo.

Watu wakatazamana. Sisi tulitazama chini, maana katika hesabu zetu zote za sentimita hatukuwahi kuuliza kuna mti gani hapo. Kutoka dirishani mama mdogo akauliza kwa sauti mbona nyundo imenyamaza. Akaambiwa. Akakaa kidogo, kisha akamwita binti yake kwa lile jina la utotoni, akamwambia: "Mwembe wako huo unaangusha majani kwenye paa langu. Uje uyafagie."

Tuliondoka Jumatatu. Basi la saa kumi na mbili asubuhi, gunia la kilo 50 la mchele chini ya miguu yetu, na maembe hatukupata, si msimu wake.